Gasketi ya silinda hedi na mkanda wa taimingi: mambo ya kujua kabla injini haijafunguliwa

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa matatizo ya gari kuukuu yanayomtia mwenye gari hasara kubwa, mawili hutokana na vipuri ambavyo vyenyewe si ghali. Vipuri hivyo ni gasketi ya silinda hedi na mkanda wa taimingi.

Gasketi ikiungua, maji na oili huweza kuchanganyika na injini huchemsha. Mkanda ukikatika, gari huzimika ghafla barabarani, na katika injini za aina fulani valvu na pistoni hugongana na kuharibika papo hapo.

Katika hali zote mbili, bei ya kipuri ni sehemu ndogo tu ya gharama. Fedha nyingi huenda kwenye kazi ya kufungua injini, kwenye mashine ya kusawazisha hedi na, kazi ikifanywa ovyo, kwenye kurudia hayo yote baada ya wiki chache.

Kwa familia inayotegemea gari moja, au kwa dereva wa teksi ambaye siku bila gari ni siku bila kipato, kurudia huko ndiko kunakouma zaidi.

Makala haya yanaeleza kazi ya vipuri hivyo, dalili za kuharibika kwake, hatua ambazo fundi anapaswa kuzifuata na mambo ambayo mwenye gari anapaswa kuyauliza kabla ya kukabidhi ufunguo.

Mfano tuliouchagua ni Toyota Corolla ya toleo la 110, lililoanza kuuzwa Japan mwaka 1995, yenye injini ya 5A-FE ya ujazo wa sentimita 1,498. Ni gari ambalo mafundi wengi wa mitaani katika Afrika Mashariki wanalifahamu vyema, na vipuri vyake bado vinapatikana katika maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Kazi ya vipuri hivi

Injini imegawanyika katika sehemu kuu mbili. Chini ipo silinda bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ipo silinda hedi, yenye valvu, kamshafti na plagi.

Gasketi ni bamba jembamba linalokaa kati ya sehemu hizo mbili. Hulazimika kuzuia vitu vitatu visikutane: moto na gesi ya ndani ya silinda, maji ya kupoza injini, na oili ya kulainisha. Vyote vitatu hupita katika matundu yaliyoachana kwa milimita chache tu.

Mkanda wa taimingi ni wa mpira wenye nyuzi imara ndani yake na meno upande mmoja. Huunganisha krankshafti iliyo chini na kamshafti iliyo juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni.

Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Mkanda ukiruka hata jino moja, uwiano huo hupotea, gari hukosa nguvu na kutumia mafuta mengi.

Gasketi haiungui bila sababu

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulielewa ni kwamba, mara nyingi, kuungua kwa gasketi ni matokeo ya tatizo jingine. Chanzo hasa huwa ni injini kuchemsha.

Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, ilhali hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto. Joto likipita kiasi, hedi hutanuka huku ikiwa imebanwa na bolti, na matokeo yake hupinda. Gasketi iliyokuwa imebanwa sawasawa hupata upenyo, na moto hupita hapo.

Kwa hiyo fundi anayebadilisha gasketi bila kutafuta sababu ya gari kuchemsha, amebadilisha kipuri tu na kuacha ugonjwa palepale.

Sababu za kuchemsha ni nyingi. Rejeta huziba kwa kutu na chumvi, feni hushindwa kuwaka, pampu ya maji huchakaa, mipira ya maji hupasuka na mfuniko wa rejeta hulegea.

Mfuniko huo hudharauliwa na wengi, lakini kazi yake ni kubwa. Hushikilia mgandamizo ndani ya mfumo, na kwa sababu hiyo maji ambayo kwa kawaida yangechemka yakifika nyuzijoto 100 huvumilia hadi karibu nyuzijoto 120. Mfuniko ukivuja, kinga hiyo hupotea.

Katika Corolla hii, pampu ya maji huzungushwa na mkanda uleule wa altaneta. Taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla gari likiwa kwenye mwendo, huenda mkanda huo umekatika, na hapo maji nayo hayazunguki tena. Dereva anapaswa kusimama na kuzima injini mara moja, asisubiri mshale wa joto upande.

Ipo pia tabia ya kuondoa termostati kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji. Termostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 84, na kazi yake ni kuiwezesha injini kufikia joto lake la kazi upesi na kubaki hapo. Injini isiyo na termostati huchelewa kupata moto, hutumia petroli zaidi na huchakaa mapema.

Aidha, maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hutumika sana katika maeneo ya Pwani, hula aluminiamu kidogo kidogo. Kinachofaa ni kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi.

Dalili za gasketi iliyoungua

Dalili hutegemea mahali gasketi ilipopasuka.

Ikiwa upenyo ni kati ya silinda na njia ya maji, gesi huingia kwenye maji. Mapovu huonekana kwenye rejeta injini inapounguruma, mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, na maji hupungua bila kuonekana yanapovuja.

Maji yakiingia ndani ya silinda, moshi mweupe mzito hutoka kwenye ekzosti na hauishi hata injini ikishapata moto. Asubuhi gari huweza kutetemeka na kuwaka kwa silinda tatu kabla ya kutulia.

Maji yakikutana na oili, oili hubadilika rangi na kufanana na chai ya maziwa. Hali hiyo huonekana kwenye kijiti cha kupimia oili na chini ya mfuniko wa kujazia oili.

Ikiwa upenyo uko kati ya silinda mbili zinazopakana, gari hupoteza nguvu na kutetemeka, ingawa maji na oili vinaweza kubaki safi.

Hata hivyo, si kila moshi mweupe ni gasketi. Katika miji yenye baridi ya asubuhi kama Mbeya, Arusha na Nairobi, mvuke mwepesi unaotoweka baada ya dakika chache ni wa kawaida. Vilevile, utando mdogo wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili huweza kutokana na safari fupi fupi ambazo haziipi injini nafasi ya kupata moto.

Vipimo kabla ya kufungua

Kwa kuwa kufungua hedi ni kazi kubwa, fundi makini hapaswi kuifungua kwa kubahatisha.

Kipimo cha kwanza ni cha mgandamizo wa kila silinda. Plagi hutolewa na geji huwekwa mahali pake. Silinda mbili zinazopakana zikionyesha mgandamizo mdogo kuliko nyingine, gasketi kati yake ndiyo inayoshukiwa kwanza.

Kipimo cha pili ni kuujaza mfumo wa maji hewa kwa pampu ya mkono na kuangalia kama mshale wa geji unashuka. Ukishuka huku hakuna maji yanayovuja nje, yanavujia ndani.

Kipimo cha tatu hutumia kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ikiwamo kwenye maji, bluu hiyo hugeuka kuwa ya njano.

Ni mwiko kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto. Maji yaliyo chini ya mgandamizo hulipuka na kumuunguza mtu usoni na mikononi. Ni kosa pia kumimina maji baridi kwenye injini iliyochemsha, kwani mshtuko huo huweza kuipasua hedi au bloku.

Dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta nazo si tiba. Huweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini huziba pia njia nyembamba za rejeta na kuleta uchemkaji mpya.

Mkanda hubadilishwa lini

Kwa magari mengi ya Japan ya miaka ya 1990, mkanda wa taimingi hutakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Lakini mpira huzeeka hata gari lisipotembea, na oili inayovuja kutoka kwenye sili huulainisha na kuuharibu kabla ya muda.

Foleni nayo ina mchango wake. Injini inayounguruma saa mbili kwenye msongamano inauzungusha mkanda muda wote huo, ilhali kilomita zinazoongezeka kwenye dashibodi ni chache.

Mwenye gari lililotoka Japan atazame kama kuna kibandiko ndani ya boneti au karibu na mlango wa dereva. Mara nyingi gereji za huko huandika tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa.

Mwaka kwenye vibandiko hivyo huweza kuandikwa kwa kufuata enzi ya mfalme mkuu wa Japan. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989 na kumalizika Aprili 2019, hivyo anayeona namba 15 ajumlishe 1988 na kupata 2003.

Kama hakuna kumbukumbu yoyote, ni salama kuchukulia kwamba mkanda haujabadilishwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Madhara ya mkanda kukatika hutofautiana. Injini ya 5A-FE, sawa na 3S-FE iliyomo katika Noah ya SR40 na RAV4 ya toleo la kwanza, ina nafasi kati ya valvu na pistoni, hivyo mkanda ukikatika gari huzimika tu.

Kwa injini za dizeli hali ni tofauti kabisa. Injini za 2L, 3L na 5L zilizofungwa katika Hiace na Hilux nyingi, 1KZ ya Prado na 1HZ ya Land Cruiser, zote zina mkanda, na nafasi juu ya pistoni ni finyu mno. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu hupigwa na pistoni. Mwenye Hiace ya abiria asingoje kilomita zifike ukingoni.

Magari mapya zaidi, kama Vitz, IST na Corolla zilizotoka baada ya mwaka 2000, yana mnyororo badala ya mkanda. Wenye magari hayo hawahusiki na sehemu hii, ingawa suala la gasketi linawahusu kama kawaida.

Kwa nini kazi mbili zifanywe pamoja

Hedi haiwezi kutoka bila mkanda kutolewa kwanza. Kwa maneno mengine, anayelipia kazi ya gasketi ameshalipia sehemu kubwa ya kazi ya mkanda.

Kurudisha mkanda wa zamani ili kuokoa fedha kidogo ni hesabu isiyolipa. Ukikatika baada ya miezi sita, mifuniko ileile itafunguliwa upya na fundi atalipwa upya.

Vivyo hivyo kwa beringi ya kukaza mkanda na sili za oili za kamshafti na krankshafti. Pampu ya maji nayo ikaguliwe wakati huohuo. Katika injini ya 3S-FE, ambako pampu huzungushwa na mkanda wenyewe wa taimingi, ni busara kuibadilisha bila kusubiri ivuje.

Hatua za kufungua

Injini inapaswa kuwa imepoa kabisa, kwani hedi inayofunguliwa ikiwa na moto huweza kupinda. Waya wa betri wa hasi hutolewa kwanza, kisha maji na oili humwagwa katika vyombo.

Maji yenye kulanti yasimwagwe mtaroni wala kuachwa wazi. Kulanti nyingi zina ladha tamu lakini ni sumu kwa watoto na wanyama.

Baada ya hapo hutolewa kisafisha hewa, nyaya, mipira ya petroli, distributa na manifoldi zote mbili. Fundi mwenye utaratibu huweka alama kwenye kila waya na kila mpira, na hutenga bolti kwa mafungu. Mahali ambapo bolti zote hutupwa kwenye beseni moja, mwenye gari ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Injini huegemezwa kwa jeki na kipande cha mbao, kisha maunti ya upande wa mkanda hufunguliwa.

Kabla ya mkanda kutolewa, krankshafti huzungushwa kwa spana kuelekea upande wake wa kawaida hadi silinda ya kwanza ifike juu kabisa. Alama ya puli ya chini hukabiliana na sifuri iliyo kwenye mfuniko, na kitundu cha puli ya juu hukabiliana na alama iliyo kwenye kishikio cha kamshafti. Alama hizo ndizo zitakazoongoza kazi ya kufunga.

Injini hii ina kamshafti mbili. Mkanda huzungusha moja, na hiyo huizungusha ya pili kwa gia. Gia hiyo ina sehemu mbili zenye springi kati yake, na hufungwa kwa bolti ndogo kabla kamshafti haijatolewa.

Bolti kumi za hedi hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kulegeza moja kabisa na kuhamia nyingine ni njia ya kuipinda hedi iliyokuwa nzima.

Hedi inapokuwa mezani

Hapa ndipo kazi nzuri na kazi mbaya hutengana.

Nyuso za hedi na bloku husafishwa bila kukwaruzwa. Jiwe la kusagia na msasa mkali vinavyozungushwa kwa mashine huchimba aluminiamu na kuacha mabonde yasiyoonekana kwa macho.

Matundu ya bolti katika bloku hukaushwa kabisa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti inapokazwa hayana pa kwenda, na nguvu yake huweza kuipasua bloku.

Kisha rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na fila geji hupitishwa chini yake. Kikomo cha upindaji kwa injini hii ni milimita 0.05, wembamba unaokaribia unywele wa binadamu. Hedi iliyozidi hapo hupelekwa kwenye mashine kusawazishwa, jambo ambalo mafundi huliita kupiga fesi.

Kipimo hicho kifanyike pia kwenye bloku. Ni hatua inayorukwa mara nyingi, na ni sababu mojawapo ya gasketi mpya kuungua tena.

Hedi iliyochemsha sana huweza kuwa na ufa, hasa kati ya viti vya valvu. Karakana zenye vifaa huijaza hedi hewa ikiwa ndani ya maji na kutazama mapovu. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo ikilinganishwa na ya kufunga hedi yenye ufa.

Huo pia ndio wakati wa kusaga valvu na kubadilisha sili zake, hasa kama gari lilikuwa likitoa moshi wa bluu asubuhi.

Kufunga kwa vipimo

Gasketi mpya hulinganishwa na matundu ya bloku kabla ya kuwekwa, kwani ikigeuzwa huziba njia ya maji au ya oili. Huwekwa ikiwa kavu. Tabia ya kupaka silikoni pande zote mbili haina faida hapo, na mabaki yake huweza kuziba njia za oili.

Bolti za hedi za injini hii zina urefu wa aina mbili, milimita 90 kwa upande wa hewa inayoingia na milimita 108 kwa upande wa ekzosti. Nyuzi zake hupakwa oili kidogo. Iliyovutika au kuharibika nyuzi isirudishwe.

Ukazaji huanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Kwanza bolti zote hukazwa kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, hadi nyutoni mita 29. Kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, na baadaye nyuzi 90 nyingine. Alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti humsaidia fundi kuona kwamba hakuna iliyosahauliwa.

Fundi anayekaza kwa kukisia nguvu ya mkono wake, hata awe mzoefu kiasi gani, hawezi kuzilinganisha bolti kumi. Gasketi huhitaji kubanwa sawa kila mahali.

Kamshafti zikisharudishwa, nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Za hewa inayoingia ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, na za ekzosti kati ya 0.25 na 0.35.

Mkanda mpya huvishwa alama zote zikiwa mahali pake, nao haupaswi kukunjwa, kupinduliwa wala kuguswa na oili. Beringi ya kukaza huachiwa ili springi yake iuvute mkanda, kisha hufungwa.

Kabla ya kuwasha, krankshafti huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama hutazamwa upya. Zikiwa zimehama, mkanda hutolewa na kurudishwa upya. Bolti ya puli ya krankshafti hukazwa hadi nyutoni mita 118.

Kuwasha na siku za mwanzo

Oili mpya na chujio jipya huwekwa, kisha mfumo hujazwa kulanti taratibu. Injini huwashwa hita ikiwa imefunguliwa, ili hewa iliyobaki kwenye mabomba itoke. Hewa hiyo ikiachwa, geji ya joto huweza kudanganya huku hedi ikiungua.

Gari lisikabidhiwe kabla feni haijawaka yenyewe na kuzima angalau mara mbili. Kesho yake, injini ikiwa baridi, maji yakaguliwe na kuongezwa.

Ikiwa maji yalikuwa yamechanganyika na oili, ni vyema oili ibadilishwe tena baada ya kilomita mia chache, kwani mabaki ya mchanganyiko huo hula beringi za krankshafti.

Vipuri bandia na injini za mtumba

Katika Tanzania, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kudhibiti bidhaa bandia, na vipuri vya magari ni miongoni mwa bidhaa zinazoigwa. Mnunuzi atazame kama meno ya mkanda yamekatwa sawasawa, kama maandishi yake yanasomeka na hayafutiki kwa kidole, na adai risiti yenye jina la duka. Mkanda uliotolewa kwenye injini iliyotumika usinunuliwe kwa bei yoyote.

Wapo wanaoshauriwa kuachana na matengenezo na kufunga injini ya mtumba. Ushauri huo huweza kuwa na maana ikiwa bloku imepasuka au beringi za chini zimekufa. Lakini injini hiyo nayo huja na mkanda na gasketi vya umri usiojulikana. Anayeifunga abadilishe mkanda kabla ya kuiwasha, na kwa kuwa namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari, ahakikishe taarifa hizo zinarekebishwa.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mwenye gari si lazima ajue kushika spana. Inatosha aulize maswali machache na kusubiri majibu yanayoeleweka.

Kwanza, gari lilichemsha kwa sababu gani, na sababu hiyo itaondolewaje?

Pili, hedi na bloku zitapimwa kwa rula na fila geji, na je, hedi itapimwa kama ina ufa?

Tatu, bolti zitakazwa kwa toki renchi, na kwa kipimo kipi?

Nne, mkanda, beringi yake na sili zitakuwa mpya?

Tano, vipuri vilivyotolewa vitakabidhiwa kwa mwenyewe?

Gasketi ya zamani ni ushahidi. Mahali palipoungua huonyesha ni silinda ipi iliyokuwa na tatizo, na huweza kuelekeza mahali hedi ilipopinda.

Kazi ikikamilika, tarehe na kilomita ziandikwe kwenye kibandiko na kubandikwa ndani ya boneti, kama wafanyavyo mafundi wa Japan. Atakayelinunua gari hilo baadaye hatalazimika kubahatisha.

Kazi hii ikifanywa kwa utaratibu huchukua siku kadhaa, hasa ikiwa hedi inapelekwa kwenye mashine. Fundi anayeahidi kuimaliza jioni ileile aulizwe ni hatua gani kati ya hizi anakusudia kuiruka.